Zamu ya Ijumaa na Lugha Iliyokufa

Irja Kolehmainen alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha plaiwudi mjini Lahti, na kazi yake ilikuwa kutazama. Ubao ulipita mbele yake juu ya mkanda, naye akawa na sekunde nne za kuamua: huu mzima, huu wa kutiwa kiraka, huu wa kutupwa. Aliupiga chaki, ukaenda zake, ukaja mwingine. Wanaume wa mashine walimnunia, kwa sababu kila alama yake ya kutupa ilikuwa ni aibu ya mtu fulani. Yeye hakujali. Siku alipostaafu walimpa saa ya ukutani na keki, wakapumua.

Mtu wa namna hiyo hapendwi upesi, na katika jengo alilokaa, lenye fleti kumi na tisa, Irja hakuwa amependwa hata polepole. Alikuwa ndiye anayeandika vikaratasi na kuvibandika kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni: nani ameacha nywele kwenye mashine ya kufulia, nani amepaki baiskeli ngazini. Mumewe Unto ndiye aliyekuwa akisalimia watu kwa niaba ya nyumba yao. Unto alipofariki, salamu zikakoma. Alibaki mmoja tu wa kumwambia habari za asubuhi, Henriikka, muuguzi wa fleti namba tatu, na huyo alimsalimia kila mtu, hata paka.

Kitu kimoja Irja alikuwa nacho ambacho hakuna aliyekigusa. Kila Ijumaa saa moja jioni, sauna ya jengo, chumba cha mvuke wa mawe ya moto kule chini kando ya chumba cha kufulia, ilikuwa yake. Kila fleti ilikuwa na saa yake moja kwa wiki, na Ijumaa saa moja ndiyo saa ambayo kila mtu angeitaka: wiki imekwisha, mawe yameshika moto sawasawa kwa zamu tatu zilizotangulia, na hakuna anayekusubiri kwa pupa nje. Yeye na Unto waliingia humo miaka ishirini na mitano. Baada ya mazishi aliendelea kuingia peke yake. Alikaa benchi la juu, upande wake uleule, akaacha upande wa pili wazi, akamwagia mawe maji, akanyamaza. Ndiyo saa pekee ya wiki ambayo upweke wake haukumkera.

Kisha Taisto Rautavuori wa fleti namba kumi na mbili akachaguliwa kuwa mwenyekiti.

Taisto alikuwa mhandisi mstaafu wa mambo ya maji, mrefu, mkavu, mwenye kalamu mbili mfukoni hata akienda kutupa taka. Aliishi juu ya Irja kabisa, na Irja aliijua mikanyago yake kuliko sura yake. Kikao chake cha kwanza alitangaza kwamba zamu za kudumu za sauna ni mabaki ya enzi zilizopita. Kuanzia sasa, alisema, kila baada ya miezi mitatu kompyuta itapiga bahati nasibu, na kila fleti itapata saa itakayoangukia. Watu walinyamaza, na katika jengo lile kunyamaza kulihesabiwa kuwa ni kukubali. Ikaandikwa.

Mwezi Septemba kompyuta ikampa Irja Jumatatu saa kumi alasiri, wakati mawe bado ni baridi kama uso wa mwenyekiti. Ijumaa saa moja ikaenda fleti namba kumi na mbili. Mwezi Desemba ikampa Jumatano saa nne usiku. Ijumaa saa moja ikaenda, kwa mara nyingine, fleti namba kumi na mbili.

Mwanzoni mwa Januari alimkuta Taisto kwenye chumba cha kufulia, akikunja mashati yake kwa mistari iliyonyooka. Henriikka alikuwa pale pembeni na shuka zake.

"Ijumaa saa moja tena, Taisto."

"Bahati."

"Mara mbili?"

"Kompyuta haijui mimi ni nani, Irja. Haina shemeji wala rafiki. Ndiyo uzuri wake."

"Na programu kaandika nani?"

"Mimi. Tena imebandikwa ubaoni tangu Septemba, kurasa saba, kiambatisho cha pili cha kumbukumbu za kikao. Hapa hatufichani kitu." Akaweka shati la mwisho juu ya mengine, akalipigapiga kama mtoto. "Kama una shaka, isome."

Akamtazama kandambili zake, halafu fuko lake la nguo chafu.

"Ukimaliza kufua."

Akatoka. Henriikka alijifanya anatafuta soksi. Irja alisimama pale mpaka mashine ikaanza kuzunguka, na damu ikamzunguka vilevile. Kisha akapanda mpaka mlangoni, akazing'oa kurasa saba ubaoni, akaenda kuzitolea nakala maktaba, akarudi kuzibandika zilivyokuwa, pini kwa pini. Hakutaka mtu aseme ameiba.

*

Usiku huohuo hakulala vizuri, na asubuhi alimpigia simu Ilmo, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akiandika programu kwa mshahara huko Helsinki.

"Nataka kujifunza lugha ya kompyuta," alisema. "Nianze na ipi?"

"Ee! Shangazi! Umepatwa na nini?" Ilmo alicheka, kisha akaona upande wa pili haucheki. "Anza na Python. Ndiyo wanayoanza nayo wote. Inasomeka kama barua."

"Nina karatasi hapa. Imeandikwa kwa hiyo?"

"Nisomee mstari wa kwanza."

Irja alimsomea, herufi moja moja, na nukta zake zote.

"Hiyo ni Pascal, shangazi. Lo! Huyo mzee kaifukua wapi? Nilidhani ilizikwa kabla sijaota meno."

"Basi nitaanza na hiyo."

"Usianze nayo! Sikiliza, mimi nakupenda ndiyo maana nakwambia. Hakuna anayeanza na hiyo siku hizi. Utajifunza vitu ambavyo hutavitumia popote. Wewe piga picha hizo kurasa unitumie, nikusomee mimi. Dakika kumi tu."

"Halafu kikaoni nitasema nini? Kwamba mwana wa kaka yangu wa Helsinki ameniambia? Watasema nimeletewa maneno. Kikao ni cha wakazi, Ilmo. Na aliniambia nisome mimi."

"Alikutania."

"Najua alichofanya," alisema Irja, akakata simu.

Chuo cha watu wazima kilikuwa na kozi ya wanaoanza, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mwalimu aliitwa Aarni Lehtosaari, kijana wa miaka thelathini mwenye ndevu zilizochongwa, mpole kwa namna ya watu wasiotaka kuulizwa mara mbili. Aligawa fomu. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku vitatu, kila kimoja na lugha yake, na mwanafunzi alitakiwa kuweka alama kwenye kimoja. Alipozikusanya, akasimama juu ya meza ya Irja.

"Visanduku viko vitatu, mama. Wewe umechora cha nne."

"Kwa sababu hakikuwepo."

Aarni akasoma alichoandika kando yake. "Pascal. Mama, hakuna mtu atakayekuajiri kwa Pascal."

"Nimestaafu."

"Hakuna anayeiandika."

"Yupo mmoja. Anakaa juu yangu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Mtu anayeanza," alisema, sasa kwa sauti ya kuwafikia wote, "anachagua lugha itakayomfungulia milango. Hiyo ni maiti. Huwezi kutengeneza nayo chochote cha maana."

"Sijaja kutengeneza. Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kurasa saba."

Aarni akamwekea alama yeye mwenyewe kwenye kisanduku cha kwanza, cha Python, akaiacha fomu mezani, akaenda kwa mwingine. Irja akachukua kifutio, akaifuta.

Wale wengine walikuwa kumi na mmoja, na ndani ya wiki mbili walikuwa wamegawanyika meza mbili zisizopeana maziwa ya kahawa. Meza ya dirishani walikuwa watu wa Python. Meza ya mlangoni walikuwa watu wa Java, wakiongozwa na dereva wa teksi aliyesema kwamba lugha rahisi huzaa watu wavivu. Wa dirishani wakamjibu kwamba wao angalau watamaliza kitu kabla hawajafa. Walizodoana namna hiyo kila mapumziko, watu wazima, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika mistari ishirini. Kitu kimoja tu kiliwaunganisha. Irja alipopita na kitabu chake kutoka stoo ya maktaba, chenye jalada la kahawia na muhuri wa mwisho wa kuazimwa, wa mwaka 1994, meza zote mbili zilinyamaza, halafu zote mbili zikacheka.

"Bibi, hicho kitabu kinauma?" aliuliza dereva wa teksi.

"Kinanusa," alisema wa dirishani.

"Kinanuka," Irja akawaambia, "lakini hakiongei wakati wa kahawa."

Hakuhama meza yake ya peke yake. Aliketi nyuma akifuata kitabu chake, na mwalimu akampita kama anavyopita nguzo.

*

Nyumbani alisoma asubuhi, mezani jikoni, kabla jua halijapanda juu ya theluji ya uwanjani. Juu yake Taisto alitembea toka jiko hadi dirisha, dirisha hadi jiko. Irja alikuwa na daftari la mistari, na humo aliandika kila neno la lugha ile na maana yake: neno la kuanza, neno la kumaliza, neno la ikiwa, neno la basi, neno la rudia mpaka. Yalikuwa machache kuliko alivyoogopa. Shida haikuwa maneno. Ilikuwa kwamba lugha ile haikusamehe. Kwenye kompyuta ya zamani ya Unto alijaribu zoezi la kwanza la kitabu, la kuandika jina lake kwenye kioo, na mashine ikamkatalia kutwa nzima kwa sababu ya nukta-mkato moja aliyoisahau. Aliitukana. Aliitukana kwa jina la Taisto, kwa sababu vilifanana: vyote viwili vilikuona umekosea na havikukwambia wapi.

Hata hivyo, mwezi wa Februari ukiingia, jambo lilianza kutokea ambalo halikumfurahisha. Zile kurasa zilianza kufunguka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya fleti. Wa pili, orodha ya saa. Wa tatu, kila fleti inapewa namba ya kubahatisha kati ya moja na elfu, na yenye namba kubwa kuliko zote inapewa saa ya kwanza kwenye orodha, Ijumaa saa moja. Tena kila sehemu ilianza na mstari wa maelezo, mfupi, msafi, na kila kilichokuwa ndani ya kingine kilisogezwa kulia kwa nafasi mbili, si moja, si tatu. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua kazi. Irja alijikuta anaipenda ile mikono, akajichukia kwa hilo siku nzima, akapika supu ya njegere akaiunguza.

Ukurasa wa tano ndio uliomsimamisha.

Hakuusoma kwanza. Aliuona, kama alivyoona ufa kwenye ubao kabla hajajua ni ufa wa nini. Mistari yote ya ukurasa ule ilishuka kwa mpangilio wake, nafasi mbili, nafasi mbili, na katikati yake palikuwa na mstari mmoja uliosogezwa kulia kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, mahali ambapo jicho la msomaji mchovu halifiki. Haukuwa na maelezo. Taisto, aliyeeleza hata mstari wa kuchapisha tarehe, hakuueleza huu.

Alichukua daftari lake. Ikiwa. Namba ya fleti mara namba ya fleti. Ni sawa na mia moja arobaini na nne. Basi. Namba ya kubahatisha ijumlishwe mia tisa.

Alikaa. Alijua kila neno na hakuelewa chochote. Nani anazidisha namba ya fleti kwa yenyewe? Fleti si kiwanja.

Alhamisi iliyofuata alimpelekea Aarni daftari baada ya kipindi, wengine wakivaa makoti.

"Sikuombi unifundishe," alisema. "Nakuuliza kitu kimoja. Kuna sababu gani ya kuzidisha namba ya nyumba kwa yenyewe?"

"Hakuna," alisema Aarni bila kutazama.

"Mwenzako mmoja kafanya."

Hapo akatazama. Akasoma mstari, akarudia. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Januari: akavuta kiti, akakaa.

"Kuna sababu moja," alisema polepole. "Kama hutaki namba yenyewe ionekane."

Irja akamwelewa kabla hajamaliza. Alichukua kalamu, akaanza na fleti ya kwanza. Moja mara moja, moja. Mbili mara mbili, nne. Aliendelea mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili, akaacha.

"Nani kaandika hii?" aliuliza Aarni.

"Mwenyekiti wetu."

"Na ameibandika mlangoni? Hadharani?"

"Ni kiambatisho," alisema Irja. "Viambatisho hubandikwa."

Hilo halikumshangaza hata kidogo. Taisto angeweza kuiba saa ya mtu, lakini kuificha karatasi ambayo kanuni za jengo zinasema ibandikwe, hilo asingeliweza. Mkono wake usingekubali. Kwa hiyo aliiba na kubandika, akategemea kwamba hakuna atakayesimama mlangoni na koti lake kusoma kurasa saba za lugha iliyokufa. Na kwa watu kumi na saba alikuwa sahihi.

Aarni alimrudishia daftari. "Bado ni maiti," alisema.

"Maiti imesema," Irja akamjibu, akafunga zipu ya koti.

*

Kikao cha mwaka kilikuwa tarehe kumi na nane Machi, katika chumba cha mikutano cha jengo, na kahawa kwenye chupa mbili za joto, na mikate mitamu ya iliki iliyokatwa nusu nusu. Watu walikaa kama kawaida yao, kila mmoja akiacha kiti kimoja kati yake na jirani. Taisto alikuwa mbele na kompyuta yake, na ukutani taa ya projekta iliwaka. Bahati nasibu ya tatu angeipiga papo hapo, mbele ya wote. Alijivunia jambo hilo, ilionekana kwenye shingo.

"Ajenda ya nne," alisema. "Zamu za sauna."

Irja akanyoosha mkono. "Mwenyekiti. Kiambatisho cha pili, ukurasa wa tano."

"Hakuna maswali kuhusu viambatisho."

"Nina nakala kumi na tisa." Alikuwa ameshasimama, anazigawa, kiti baada ya kiti. Kwenye kila nakala mstari mmoja ulikuwa umepigwa chaki ya bluu, chaki ya kiwandani.

"Irja, hiyo ni lugha ya kitaalamu. Wenzako wamekuja na kazi zao."

"Uliniambia niisome nikimaliza kufua. Nimemaliza."

Mtu mmoja nyuma akakohoa, kikohozi kilichoanza kama kicheko. Irja akausoma mstari kwa sauti, neno kwa neno, akitafsiri. "Ikiwa namba ya fleti, ukiizidisha kwa yenyewe, inaleta mia moja arobaini na nne, basi iongezwe mia tisa. Yenye namba kubwa ndiyo inayopewa Ijumaa saa moja. Kila mmoja ajipigie hesabu ya kwake."

Wa kwanza alikuwa Henriikka, akitazama karatasi: "Yangu inaleta tisa."

"Mia mbili ishirini na tano," akasema mzee wa fleti kumi na tano.

"Kumi na sita."

"Mia tatu sitini na moja, mimi niko juu kabisa."

Wakaendelea, mmoja mmoja, kama watoto darasani, na kila namba ilimwacha Taisto peke yake zaidi. Mwishowe hakuna aliyebaki isipokuwa yeye, na hakuna aliyehitaji kumpigia.

"Ni mstari wa majaribio," alisema Taisto. "Nilisahau kuufuta."

"Umejaribiwa mara mbili," alisema Irja. "Siku za Ijumaa."

Hapo Taisto akafunga kompyuta, na taa ukutani ikabaki nyeupe tupu juu ya kichwa chake. Shingo ilikuwa nyekundu.

"Haya, tuseme," alisema. "Tuseme yote. Miaka ishirini na mitano wewe na Unto mmekalia saa ile. Nani aliwapa? Nionyeshe kumbukumbu ya kikao. Hakuna! Mliikuta wazi mkaikalia. Mimi nina miaka kumi na tisa hapa, Jumanne saa kumi na moja, mawe vuguvugu. Niliomba tubadilishane. Mara tatu nilimwomba Unto. Mara tatu akanicheka akasema, labda mwakani."

Irja hakulijua hilo. Unto hakuwahi kumwambia. Alitafuta usoni mwa watu kama wao walijua, na aliona kwamba baadhi yao walijua.

"Ungeniuliza mimi," alisema.

"Wewe?" Taisto akakusanya kalamu zake. "Nani katika jengo hili anakuuliza wewe kitu, Irja?"

Mara hii kicheko hakikujificha. Hakikuwa cha watu wengi, lakini kilikuwepo, na Irja alikisikia kikipita juu ya vikombe mpaka kwake. Alikaa chini. Alikuwa ameshinda, na uso ulimwaka kama aliyepigwa kofi.

Mzee wa fleti kumi na tano akasema, kwa kuwa kompyuta imeonekana ina mkono, basi tupige kura kwa kopo. Wakaandika zamu zote kumi na tisa kwenye vipande vya karatasi, wakavitia kwenye kopo tupu la kahawa, kila mtu akachomoa chake mbele ya wenzake. Henriikka akapata Ijumaa saa moja. Taisto akatia mkono wake mrefu akatoa Jumanne saa kumi na moja, zamu yake ileile ya miaka kumi na tisa, akaikunja mara nne. Irja akapata Jumanne saa kumi na mbili.

Henriikka alimfuata hadi ngazini.

"Irja, subiri. Ijumaa jioni mimi niko zamu hospitali, karibu kila wiki. Sitaitumia. Chukua hii, nipe yako."

Kipande cha karatasi kilikuwa mkononi mwake, na maandishi ya kalamu: Ijumaa, saa moja. Ndicho alichokuwa amekitafuta tangu Januari, kwa kila ukurasa na kila nukta-mkato. Alifikiria benchi la juu. Alifikiria upande ule mwingine wa benchi na mtu aliyecheka akasema labda mwakani, bila kumwambia mkewe. Huko juu mlango ulifungwa kwa nguvu; mikanyago ikaenda jikoni, ikaenda dirishani.

"Jumanne saa kumi na mbili," aliuliza, "ananitangulia nani?"

Henriikka akafikiri. "Taisto."

"Basi kaa na yako."

"Irja. Si ulitaka Ijumaa?"

"Nilitaka," alisema Irja, akaingia ndani.

*

Tangu hapo, kila Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Irja hushuka na taulo lake na kukaa kwenye benchi la nje ya sauna, miguu pamoja, ile saa ya ukutani ya kiwandani magotini. Saa kumi na mbili kamili hugonga mara tatu. Taisto hutoka mwekundu, nywele zimemlala, akipita bila kumtazama. Desturi ya jengo ni kumwachia anayekuja ndoo iliyojaa maji. Yeye huiacha tupu. Irja huijaza mwenyewe, na mawe, lazima akubali, huwa na moto mzuri.

Wiki ya tatu Taisto alitoka kwa kuchelewa, na ya nne pia. Irja alipanda juu akaandika programu yake ya kwanza ya kweli, mistari ishirini na sita, nafasi mbili kulia, kila sehemu na maelezo yake. Ilichukua saa ya zamu ya Irja kuanza na saa aliyotoka mtu wa fleti kumi na mbili, ikatoa dakika alizoiba, ikazijumlisha. Akaichapa pamoja na jibu lake, akaibandika mlangoni. Hakuna katika jengo zima aliyeweza kuisoma isipokuwa mmoja.

Siku mbili ikakaa. Ya tatu aliikuta imerudishwa kwenye pini zake na alama nyembamba ya kalamu nyekundu.

"Mstari wa kumi na nne unakadiria kwenda juu," ilisema. "Nilichelewa dakika mbili na nusu, si tatu. T.R."

Irja aliishusha, akaenda nayo jikoni, akaipiga hesabu upya. Juu yake mikanyago ilikuwa imekoma. Mtu alikuwa amesimama dirishani. Taisto alikuwa sahihi. Akaurekebisha mstari wa kumi na nne, akaongeza wa ishirini na saba wa kuhesabu ndoo zilizoachwa tupu, akaenda kuibandika tena.